Mama Mdogo wa Kwenye Picha

4 Februari

Dada,

Pokea salamu za nyumba nzima, wazima na wanaokohoa. Shemeji yako anakusalimu. Wiki hii amechomelea mageti mawili na kidole gumba, na vyote vitatu vinaendelea vizuri. Mwanangu Kwanini anakusalimu pia, anauliza kwa nini barua inaruhusiwa kusafiri peke yake na yeye haruhusiwi. Binti yako Kibibi mzima, kanenepa, ana mafua ya kawaida tu.

Umeniomba nisikuandikie mambo makubwa, nikuandikie yale ya kila siku yanayonifurahisha kwa watoto. Kwanza nikwambie ukweli: furaha yenyewe siku hizi inanikuta nimechoka. Naamka nimechoka, nalala nimechoka, na katikati nasuka vichwa vya watu. Lakini ipo, sitaki kusema haipo.

Jana nilikuwa na mteja kwenye kigoda, anataka mistari myembamba, ile ya kuvunja mgongo wa msusi. Kibibi akaenda kuleta dekio, lile la nyuzi, akalibana katikati ya magoti yake na kuanza kulisuka. Kila akivuta uzi analiambia, "Tulia, namaliza." Halafu akaliuliza, "Unaumia?" Akasubiri jibu kabisa. Akaliambia, "Pole, ndio uzuri." Mteja wangu alicheka mpaka mstari ukaenda upande, ikabidi nifumue nianze upya. Dekio bado lina mikia minne, na sakafu naidekia hivyo hivyo.

Nimerudi. Kibibi alikuwa ameingiza mguu kwenye ndoo akashindwa kuutoa.

Nilitaka kukwambia nini? Enhe, kujificha. Anajificha nyuma ya pazia, miguu yote miwili nje, halafu anatuuliza kama tumemwona. Kwanini anamjibu kwamba hajamwona, kwa sauti ya mtu mzima anayemstahi mgonjwa. Na akijigonga mlangoni, Kibibi anaupa pole mlango kwanza, kisha ndio anakumbuka kulia.

Kuhusu simu, usijilaumu. Tulikubaliana barua, basi ni barua. Ulisikia mwenyewe: tulipompa simu aliigeuza nyuma kutafuta mtu, alipomkosa akasema "hayupo" na kukukatia. Na sisi wawili tukishika simu tunalia tu mpaka salio linaisha hatujasemeshana lolote.

Naishia hapa, uji unafurika.

Mdogo wako

*

27 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma kwenye foleni ya kunawa mikono, na usiku nikamsomea mwenzangu wa kitanda cha juu. Anakusalimu, na anasema ukipata dekio jingine linalotaka kusukwa yeye atalipia usafiri. Mpe shemeji pole ya kidole. Mwambie Kwanini kwamba barua haili, hailii na haiombi maji njiani, ndiyo maana inaruhusiwa. Mimi sijambo, mgongo tu ndio unanung'unika.

Huku bado ni mifuko. Kiwanda kinashona sare za shule, na tangu nifike nashona mfuko wa kifuani wa kushoto. Shati likikamilika silioni. Msimamizi anasema mkono wangu umenyooka, kwa hiyo hanihamishi. Waliopinda wamehamishiwa kwenye kola, wanakaa karibu na dirisha.

Nina habari njema. Nimeruhusiwa kuchukua vipande vya kitambaa vilivyobaki kwenye mkato wa sare za chekechea, cha njano chenye vitone vyeupe, na wakati wa mapumziko ya mchana namshonea Kibibi gauni. Usihangaike kumpima, mwili wake ninao kichwani. Lina mfuko mmoja wa kifuani, wa kushoto, utanisamehe.

Kwenye barua yangu iliyopita nilikuuliza jambo, ukaliruka. Ile picha yangu ya pasipoti mliyobandika karibu na swichi ya taa. Akiiona anasema nini? Ananiita nani?

Dada yako

*

2 Aprili

Dada,

Utatusamehe ukimya, tulianguka wote kwa mafua makali, mmoja baada ya mwingine kama tumepeana zamu. Sasa tumesimama. Shemeji yako alibaki na kikohozi kinachowatisha wateja. Wewe je, mgongo unasemaje?

Gauni limefika. Ni zuri sana, mshono umetulia, majirani wote wamelishika na kuligeuza ndani nje. Nimelihifadhi kabatini.

Siku za mafua nilijifunza kwamba mama hana ruhusa ya kuumwa. Nilikuwa nimelala sakafuni kwa homa, Kwanini kasimama juu yangu anauliza usingizi ukiisha unakwenda kwa nani. Kibibi akaleta kikombe cha maji ya baridi, nusu kikiwa kimemwagika, akayapuliza kwanza yapoe, kisha akaninywesha kidevu. Nilikuwa na hasira na dunia nzima. Sikujua niiweke wapi hasira hiyo mbele ya mtu anayenipulizia maji baridi.

Na usiku halali mpaka aingize kidole kwenye sikio langu. Si sikio la mtu mwingine yeyote. Nikigeuka anageuka nami, kidole kikiwa humo humo. Asubuhi nasikia upande mmoja tu mpaka saa nne.

Umeona wino ulivyochuruzika hapo? Ni yeye. Alitaka kukusalimu kwa ulimi.

Mengine nitaandika mikono ikipata nafasi. Mteja kakaa kwenye kigoda ananitazama.

Mdogo wako

*

20 Aprili

Mdogo wangu,

Nashukuru mmepona. Mimi pia mzima, na huku kumepoa kidogo.

Gauni la mtoto halihifadhiwi. Linavaliwa, linamwagiwa uji, linatoboka kwenye goti. Wewe hujawahi kuhifadhi nguo tangu utoto wetu, hata zile za kuhifadhiwa. Kwa hiyo halikumwingia.

Usinifichie. Nimekaa tu nikatazama mashine. Asubuhi mpaka jioni zinapita mikononi mwangu sare za watoto wa kila umri, nikipapasa kitambaa najua ni cha mtoto wa darasa gani. Halafu nikifika kwa wangu namshonea yule niliyemwacha anasimama kwa kushika mguu wa kiti. Kwenye kichwa changu bado ameshika huo mguu wa kiti.

Nifanyie hivi. Chukua uzi, mpime kuanzia begani mpaka gotini, uukate, uutie ndani ya bahasha. Usiniandikie namba, namba nazishika kutwa. Nataka uzi wenyewe.

Na lile swali bado lipo pale pale.

Dada yako

*

15 Mei

Dada yangu,

Tuko salama. Kwanini kang'oka jino la mbele, na ameuliza swali ambalo shemeji yako aliamua kulijibu kwa kwenda kazini mapema.

Uzi ndio huo. Tumeukata mara kadhaa maana alikuwa anacheka na kujikunja. Ukiona una fundo, fundo ni lake.

Gauni lilikwama kifuani. Nilivuta, akalia, nikalia na mimi. Nililiweka kabatini kweli, nisikudanganye, lakini Kibibi alilitoa mwenyewe siku ya pili na kulivalisha dekio. Sasa dekio lina nywele zilizosukwa na gauni la njano la vitone, linakaa mezani wakati wa chakula. Tumenunua jingine la kudekia.

Sasa nakujibu. Nilikuwa naliruka swali lako kwa makusudi, na nimechoka kuliruka.

Unajua tulivyo. Mimi kwa Kibibi ni mama mdogo, na wewe kwa Kwanini ni mama mkubwa. Ndivyo tulivyofundishwa, ndivyo nilivyowafundisha. Kila asubuhi nilikuwa nawasimamisha mbele ya picha yako. Kwanini, huyu ni mama mkubwa wako. Kibibi, huyu ni mama yako, mimi ni mama mdogo. Siku moja Kwanini akanitazama kutoka juu mpaka chini, na unaujua mwili wangu, halafu akaitazama picha. Akasema, "Huyu anaingia mfukoni. Mkubwa ni wewe." Nikamweleza kwamba ukubwa ni wa kuzaliwa, kwamba wewe ulitangulia. Akafikiri. Akauliza, "Kwa hiyo alikuwa mkubwa halafu akapungua?" Nilikuwa na mteja, nilikuwa na sufuria jikoni, nikamwambia ndiyo.

Kibibi hanisikilizi mimi, anamsikiliza Kwanini. Sasa ikifika asubuhi anapanda kwenye kigoda, anaibusu picha yako na kusema, "Mama mdogo." Hakuna siku anayosahau. Mimi akiwa na adabu ananiita mama mkubwa, akiwa na njaa ananiita mama, na mtoto huyu ana njaa kutwa.

Nimemsahihisha. Siku nyingine sijamsahihisha. Jioni nikiwa sijiwezi, akiita mama kutoka chumbani, naitika. Sina nguvu za kuitwa halafu nikaanza kueleza ukoo.

Nimesema. Usinyamaze, tafadhali.

Mdogo wako

*

10 Julai

Dada,

Umenyamaza.

Hatujambo. Mwezi wa sita watoto wote wawili walipata tetekuwanga, wakavimba kila mahali, nikawapaka dawa nyeupe mpaka wakafanana na ukuta. Kwanini alikuwa akihesabu vipele vya mwenzake, akikosea anaanza upya. Kibibi aliniomba nimpake na dekio. Nilifika mahali pa kusinzia nimesimama, mwiko mkononi. Siku walipoanza kupigana tena niliwaacha wapigane kidogo, kwa nilivyofurahi kuwaona wana nguvu.

Picha yako inabusiwa bado. Ukingo mmoja umeanza kulainika kwa mate. Nijibu hata mistari miwili.

Mdogo wako

*

24 Julai

Mdogo wangu,

Nisamehe. Poleni sana na tetekuwanga, na asante kwa kuwauguza, wa kwako na wa kwangu.

Barua yako ya mwezi wa tano niliisoma nikacheka. Eti alikuwa mkubwa halafu akapungua. Niliwasimulia wenzangu mezani, wakacheka mpaka msimamizi akaja kuona kuna nini. Nikasimulia tena siku ya pili. Siku ya tatu nilianza kusimulia nikashindwa kumaliza. Ndiyo sababu ya ukimya, sina nyingine nzuri zaidi.

Uzi nimeutundika ukutani. Nilikaa nao mkononi muda mrefu. Ni mrefu sana, mdogo wangu. Mna uhakika hamkumpima Kwanini?

Habari za huku ni zile zile, mifuko. Siku hizi nina chumba changu peke yangu, si kile cha vitanda vya kupandana. Ni kidogo na dirisha linatazamana na ukuta wa jirani, lakini nimekipaka rangi mwenyewe, ya maziwa, kuta zote na dari, mara mbili, kimekuwa cheupe kizuri. Kuhusu kuja, nilitaka sana, lakini kazi ni nyingi na ruhusa hakuna.

Usiache kumsimamisha mbele ya picha, hata kama ananiita hivyo. Bora kuitwa vibaya kuliko kutoitwa.

Dada yako

*

12 Agosti

Dada,

Salamu nimezipata, tumezigawana. Wote wazima.

Nina swali, na wewe usiliruke. Unafanya kazi Jumatatu mpaka Jumamosi. Jumapili unafua na kulala, umeniambia mwenyewe mara nyingi. Kuta nne na dari, mara mbili, ulizipaka lini?

Nimekaa na swali hili wiki nzima. Mke wa fundi chuma anajua rangi inachukua muda gani kukauka. Ulikuwa na siku za kukaa nyumbani, dada. Nadhani ulikuwa nazo mwezi wa sita, ulipokuwa kimya, mimi nikiwa na watoto wawili wenye vipele na mwiko mkononi. Na hukuja.

Nimekasirika. Nakuandikia nikiwa na hasira kwa sababu nikingoja ipoe nitakuandikia habari za dekio. Mimi sikuchoka kumlea, usinielewe vibaya. Nimechoka tu, na uchovu wangu hauna uhusiano na yeye. Nimechoka kama anavyochoka mtu yeyote mwenye watoto. Lakini kila asubuhi nampandisha kwenye kigoda abusu karatasi, na mwenye karatasi alikuwa anapaka dari.

Na kuna kingine, sikipendi lakini kipo. Nilipogundua kwamba ungeweza kuja na hukuja, chini ya hasira nilikuta nimeshukuru. Maana ungekuja ungemchukua.

Basi, nimeshasema. Jana Kibibi ameniambia nina harufu ya kitanda. Nimeichukulia kuwa ni sifa.

Mdogo wako

*

30 Agosti

Mdogo wangu mpenzi,

Sikuanza na salamu leo kwa sababu nina aibu, lakini hamjambo?

Mtambo wa umeme wa kiwanda uliungua mwezi wa sita, tukaambiwa tukae nyumbani mpaka upatikane mwingine. Nilifunga begi siku hiyo hiyo. Nilifika kituoni, nikakata tiketi, nikakaa kwenye benchi. Pembeni yangu akashuka mwanamke mmoja kutoka safari, mtoto wake amekuja na bibi kumpokea. Bibi anamsukuma mtoto mbele, "Nenda, huyo mama yako." Mtoto akajizungushia gauni la bibi yake kichwani asimwone. Yule mama akacheka, kwa kuwa watu walikuwa wanatazama.

Nikajiona mimi. Nikaona nashuka na begi langu, na Kibibi anajificha nyuma ya mwili wako, na nyuma yako pana nafasi ya kutosha. Nikasimama nikarudi. Njiani nikapita dukani nikanunua rangi. Sikujua kama nilikuwa naandaa chumba cha mtoto au najitafutia kazi ya mikono nisifikiri. Nilipomaliza mara ya kwanza mtambo ulikuwa bado, nikapaka ya pili.

Kwa nini nilichukua chumba peke yangu hujaniuliza, nadhani kwa sababu unajua. Karibu na lango la kiwanda kuna shule ya awali ya watoto wa wafanyakazi. Wanapokea kuanzia miaka mitatu, na mwezi wa tisa anatimiza. Nimemwombea nafasi, nimeipata. Nina kitanda kidogo, nimepata mwenye cherehani ya kuniazima. Gauni jipya nimelishona kwa kipimo cha uzi wako.

Mwezi wa kumi nakuja kumchukua. Ukisema hapana, nitaelewa, na nitakuja hivyo hivyo. Ila nataka kujua anayenifungulia mlango ananifungulia kwa moyo gani.

Dada yako

*

18 Septemba

Dada,

Tumeipokea barua na tumeisoma wawili, mimi na shemeji yako. Yeye akatoka nje kuchomelea kitu ambacho nadhani hakikuwa kimevunjika.

Nilijaribu kuandika hapana. Nilichukua karatasi kabisa. Kibibi akaja kuniomba kalamu, akachora kitu chenye miguu mingi juu ya karatasi hiyo, akaniambia ni mimi. Basi nikaacha. Hapana yenyewe haikuwa ya kweli, ilikuwa ya kuchelewesha. Mlango nitakufungulia, na moyo utakuwa umepasuka katikati, nusu kwa nusu. Sina mwingine wa kukupa.

Sasa nisikilize, maana wewe unajua sare na mimi namjua huyu.

Usifike na mikono imenyooshwa. Usimwite "mwanangu" mlangoni, usilie, usimpe gauni siku hiyo. Njoo na nywele hujasuka. Zifumue njiani kama ni lazima. Ukifika nisalimie mimi, kisha kaa kwenye kigoda kama mteja na umpe kitana. Mengine atafanya yeye.

Uji wake unapoa kwenye sahani, si kwenye kikombe. Ukingo wa mkate anauacha, lakini usiukate, anataka kuuacha mwenyewe. Akisema "sitaki" mara moja hataki, akisema mara nyingi mfululizo anataka kubebwa. Akiogopa anaomba radhi kwa vitu, utamsikia anaipa pole meza. Ukimsikia hivyo usiulize kuna nini, kaa karibu tu. Na usiku mpe sikio. Litakuuma wiki ya kwanza.

Tumeanza kumzoesha habari hizi. Nimemwambia kwamba mama mdogo wa kwenye picha anakuja. Kanitazama, akauliza atapita vipi mlangoni, mlango mkubwa hivyo, si atapotea.

Kwanini ameanza kwenda shule. Kutwa nzima tunabaki wawili, mimi na Kibibi, na wateja. Nakwambia tu.

Mdogo wako

*

9 Novemba

Mdogo wangu,

Tulifika salama, na pole tena kwa kuchelewa kuandika. Sasa naelewa barua zako zilivyokuwa zikikatika. Hii ninaiandika kwa mara ya tano.

Siku niliyofika ulijifungia jikoni ukisugua sufuria iliyokuwa safi, kwa hiyo kuna jambo hukulisikia. Nilikaa kwenye kigoda kama ulivyonielekeza. Alizunguka, akanitazama mbele, akanitazama nyuma, akaenda kuitazama picha, akarudi. Akashika kitana. Alivuta nywele zangu, mdogo wangu, mpaka macho yakanitoka maji. Akaniuliza, "Unaumia?" Nikamwambia ndiyo, naumia. Akasubiri kidogo, akanipiga piga begani. "Pole, ndio uzuri." Nilikaa pale mpaka akanimaliza kichwa chote.

Njiani alilia, sitakuficha. Alilia mpaka akalala, akaamka akalia tena. Alimpa pole dereva, akakipa pole kiti. Dekio lenyewe alikataa kulibeba, alisema libaki likulinde.

Shule anaipenda kwa sababu ina ndoo nyingi. Mwalimu wake anasema anawasuka wenzake bila kuwauliza. Gauni limemkaa sawa na tayari limetoboka. Mimi nimechoka, sijawahi kuchoka hivi hata nikishona zamu mbili. Jana nilikaa chini nikavua kiatu kimoja, nikasahau kuvua cha pili. Alinikuta hivyo, akanivua, akakipanga kiatu ukutani kama mtu aliyefanya kazi kubwa. Ni kweli ulivyoandika, furaha inakukuta umechoka. Ila hukuniambia kwamba ukichoka hivyo inakuingia yote.

Ile picha yako niliyoiomba, uliyopigwa umesimama nyuma ya kigoda, nimeibandika karibu na swichi ya taa, mahali pale pale kama kwenu. Kila asubuhi anataka kubebwa aifikie. Siku za kwanza aliipapasa tu, akachungulia nyuma yake kutafuta mtu. Juzi aliibusu. Nikangoja kusikia atasemaje.

Akasema, "Mama mdogo."

Sikumsahihisha, maana safari hii amepatia. Nilidhani nikisikia neno hilo likienda kwa mwenyewe nitafurahi. Nilisimama pale nimembeba, nikashindwa hata kuwasha taa.

Mimi ananiita mama mkubwa, akiwa na adabu. Leo asubuhi alikuwa na njaa.

Dada yako

*

25 Novemba

Dada,

Sote hatujambo. Kidole cha shemeji yako kilipona zamani, amebaki kukitazama tu. Kwanini anarudi kutoka shuleni saa nane na maswali yote ya kutwa, ananimwagia mlangoni. Nilimsimulia kwamba picha yangu iko ukutani kwenu. Aliuliza kwa nini mimi ndiye niliyepungua sasa.

Nafurahi kwamba alikuwa na njaa. Nimeisoma sentensi hiyo nikatabasamu, nikaisoma tena nikaenda kukaa nje kidogo. Nafurahi kweli, uniamini.

Mteja wa jana alitaka mistari myembamba. Nilimaliza mapema, na hakuna uliokwenda upande. Dekio lipo kwenye kiti chake mezani. Nilitaka kulifumua mikia nikaiacha. Gauni la njano nimelivua, nimelifua, nimelipiga pasi. Safari hii nimelihifadhi.

Bado nalala kwa upande ule ule, sikio juu.

Uniandikie ya kila siku, yale madogo madogo. Usijali yakikatika. Yangu leo ni machache, kwa kuwa nimekaa na kuandika kutoka mwanzo mpaka hapa bila mtu kuniinua.

Mama mdogo